Matundu Makavu Katika Ukuta wa Barabara

SWALI: Ukuta wa mawe unaozuia udongo kando ya barabara kuu ya mlimani umeanza kutuna katikati, na matundu yake ya kutolea maji hubaki makavu hata mvua inaponyesha. Je, ni hatari?

JIBU: Ndiyo, na binafsi matundu hayo makavu yananitia shaka kuliko kutuna kwenyewe. Yakiziba, maji hujikusanya nyuma ya ukuta na kuusukuma kwa nguvu inayokua kadiri kina kinavyoongezeka, kiasi kwamba kwenye kina cha mita 4 msukumo wa maji pekee hufikia takriban kilonewtoni 40 (sawa na uzito wa tani 4 hivi) kwa kila mita ya mraba, mbali na ule wa udongo.

Kwa kawaida wahandisi hutaka kigezo cha usalama (uwiano wa nguvu zinazoushikilia ukuta na zile zinazousukuma) kisichopungua 1.5 dhidi ya kuteleza na 2 dhidi ya kupinduka. Hata hivyo, mteremko mzima nao huchunguzwa, kwa kuwa unaweza kuporomoka pamoja na ukuta usio na kasoro yoyote, jambo linalosahaulika mara nyingi. Kagueni juu ya ukuta: nyufa ndefu ardhini, sambamba nao, huashiria kuwa udongo umeanza kusogea. Zikionekana, magari yaelekezwe upande wa pili mpaka mhandisi wa jioteknolojia, yaani mtaalamu wa udongo na miamba, apime mwinamo wa ukuta.