Kabla hujakubali kwamba kontrol boksi imekufa

Peleka gari gereji ikiwa inapiga stata lakini haiwaki, na mashine ya kupimia ikagoma kuisoma. Hutamaliza soda yako kabla hujaambiwa: "Bosi, hapa kontrol boksi imekufa," yaani ile kompyuta inayoendesha injini. Mimi huwa sibishani na fundi. Namuuliza tu, umepima nini mpaka ukajua? Mara nyingi jibu ni kwamba mashine imekataa kuingia. Sasa hicho si kipimo. Mashine inaweza kukataa kwa sababu ya fyuzi iliyoungua.

Naongelea zaidi Toyota ndogo, yaani IST, Vitz, Runx na Corolla, kwa kuwa ndizo nimezishika sana na ndizo zimejaa barabarani kwetu. Gari za namna nyingine kanuni ni hizo hizo, ila waya na majina yatatofautiana.

Kontrol boksi haifanyi kazi bila umeme mzima, ethi nzima (waya wa kurudisha umeme kwenye hasi ya betri) na sensa zinazojibu. Kwa hiyo kabla ya kuihukumu, anza na betri. Betri iliyopumzika inatakiwa isome kama volti 12.6. Ukipiga stata ikaporomoka chini ya 10, tafuta kwanza betri nzuri, maana umeme ukiwa hafifu boksi nzima itafanya vituko. Baada ya hapo angalia fyuzi ya EFI (mfumo wa kupuliza petroli) na rilei yake, ile swichi ndogo ya umeme. Hivi ni vya dakika chache, na vimeokoa pesa za watu wengi.

Ethi ndiyo inayodharauliwa zaidi. Fundi anaweka mita kwenye alama ya mlio, ile ya kupima kama waya umeungana, inalia, anasema ethi ipo. Waya uliobakiza unyuzi mmoja nao utalia vizuri tu! Pima gari ikiwa kazini: ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye pini ya ethi ya kontrol boksi (Toyota huiandika E1), kisha mtu apige stata. Ikisoma zaidi ya volti 0.2, waya au boliti ya ethi ina tatizo. Fungua, kwangua kutu, kaza upya.

Halafu kuna kitu ambacho mafundi wengi hawakijui, na kwangu ndicho muhimu kuliko vyote. Kontrol boksi hutoa volti 5 kwa ajili ya baadhi ya sensa, kwenye waya ambao michoro ya Toyota huuita VC. Waya huo ukigusa bodi ya gari, au sensa moja ikipiga shoti kwa ndani, zile volti 5 zinazama na ubongo wa boksi unalala. Ukifungua swichi, taa ya injini kwenye dashibodi haiwaki kabisa, mashine haisomi, gari haiwaki. Dalili zote ni za boksi iliyokufa, kumbe nzima.

Gari ya shemeji yangu ilikuwa hivyo hivyo, na alishaambiwa atafute boksi nyingine. Tulipima VC tukakuta haifiki hata volti 1. Tukaacha swichi wazi, tukaanza kuchomoa soketi za sensa moja moja huku mtoto wake amekaa ndani anaangalia dashibodi. Tulipochomoa ya throto (mlango wa hewa ya injini), mtoto akapiga kelele: "Imewaka!" Waya wa sensa hiyo ulikuwa umesagika kwenye breketi hadi shaba ikatoka nje na kugusa chuma. Tukaunga kipande cha waya, tukazungushia tepu, gari ikanguruma. Shemeji alikuwa ameshatenga hela ya boksi; sijui ilikwenda wapi, na sikuuliza.

Lakini zipo zinazokufa kweli. Mwaka 2010 Toyota iliita zirudishwe kurekebishwa gari zaidi ya milioni moja Marekani na Kanada, Corolla na Matrix za 2005 hadi 2008, kwa sababu sehemu zilizolehemiwa ndani ya kontrol boksi zingeweza kupata nyufa. Huku kwetu vinavyoziua mara nyingi ni vya mikono yetu: kuboosti betri kwa kugeuza chanya na hasi, kuchomelea bodi bila kutoa betri, kuosha injini kwa maji ya presha. Na kuna adui mwingine wa kimya kimya. Gari nyingi kati ya hizi boksi imekaa nyuma ya kile kisanduku cha deshibodi mbele ya abiria, karibu kabisa na kiyoyozi. Mpira wa kutolea maji ya kiyoyozi ukiziba, au maji ya mvua yakipenya chini ya kioo cha mbele, yanaishia hapo. Zulia la upande wa abiria likiwa na unyevu, usilianike tu ukasahau.

IST yangu niliinunua kwa mtu ikiwa inamisi, yaani silinda moja haichomi, na bei ilipungua kwa sababu hiyo. Kodi ya hitilafu kwenye mashine ilikuwa P0303, yaani misi ya silinda ya tatu. Nilibadilisha plagi, nikahamisha koili (inayoipa plagi moto) ya tatu kwenda ya kwanza, nikahamisha na nozeli, inayopuliza petroli. Misi ikabaki pale pale kwenye tatu. Soketi ya nozeli ina waya mbili: mmoja unaleta volti 12 za betri, mwingine kontrol boksi inauunganisha na ethi kwa midundo ili nozeli ifunguke. Nilichomeka taa ndogo ya majaribio kwenye soketi. Silinda ya kwanza, ya pili na ya nne taa ilimweka injini ikizunguka. Ya tatu, giza, ingawa volti 12 zilikuwepo.

Hata hapo bado usiseme boksi. Nilizima kila kitu, nikatoa hasi ya betri, nikachomoa soketi za boksi na kupima waya kutoka nozeli ya tatu mpaka pini yake, ile iliyoandikwa #30. Waya mzima, haugusi bodi wala jirani yake. Sasa ndiyo boksi.

Bado likabaki swali la nani ameiua, maana ukifunga nyingine na muuaji yumo, utanunua ya pili. Kwenye buti mwenye gari wa kwanza alikuwa ameacha nozeli kuukuu ndani ya kitambaa. Nozeli nzuri za injini hizi husoma kama omu 12 hadi 14 za ukinzani. Ile ilisoma kama omu 2. Ilikuwa inavuta umeme mwingi mpaka transista ya silinda ya tatu, yaani swichi ya elektroniki ndani ya boksi, ikaungua. Mtu akabadilisha nozeli, akaacha jeraha ndani ya boksi.

Transista ya namna hiyo fundi mzuri wa elektroniki anaweza kuibadilisha. Gari za Kijapani za miaka ya 1990 ndiyo kabisa: nyingi kinachoharibika ni kapasita zinazovuja, ukifungua unasikia harufu kama ya samaki, na kapasita zenyewe ni bei ya chai. Mimi nilinunua boksi iliyotumika kwa sababu bodi ya saketi ndani ya boksi ilikuwa imeungua pamoja na njia zake za umeme.

Ukienda kwenye maduka ya spea Shauri Moyo pale Ilala, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road kama uko Nairobi, usiende na jina la gari tu. Nenda na picha ya lebo. Namba za kontrol boksi ya injini za Toyota mara nyingi huanza na 89661, na unataka zilingane mpaka tarakimu ya mwisho, kwa sababu ya gia otomatiki au manyuo, na mengineyo. Muuzaji atakwambia vitu vya umeme havirudishwi. Mkubaliane kabla hujatoa hela kwamba ukiijaribu ikakataa utabadilishiwa. Wengi hukubali na huweka alama yao ya kalamu kwenye boksi.

Kama gari ina ufunguo wenye chipu, mambo yanaongezeka. Boksi ngeni haitautambua ufunguo wako, na taa ya usalama itamweka. Nunua seti, yaani boksi, kifaa cha ufunguo na ufunguo wake, au uwe na fundi mwenye mashine ya kuzioanisha.

Kufunga kwenyewe ni kazi ndogo. Zima swichi, toa hasi ya betri, subiri angalau sekunde 90 ili mfumo wa eabegi upoe, usishike pini kwa vidole na usivute waya. Kuna kibano cha kubonyeza. Ukimaliza, futa kodi na uendeshe. Sailensa, yaani mzunguko wa injini ukiwa hujakanyaga mafuta, inaweza kupanda na kushuka kidogo mwanzoni mpaka boksi izoee.

Boksi ya zamani rudi nayo nyumbani. Wengine huwaachia mafundi bure, na baada ya muda unaikuta mezani kwa muuzaji, imefutwa vumbi, ina alama mpya ya kalamu.