Kadi ya grafiki ikipunguza kasi, isome kwanza kabla ya kuifungua

Mkuu, nimesoma maelezo yako yote. Una kadi ya NVIDIA, GTX 1660 Super, uliyoinunua ikiwa imeshatumika, ukifungua gemu kasi inakwama kwenye 1050 MHz hivi, joto nyuzi 62, matumizi ya kadi 98%. Umepiga Windows upya, umebadilisha draiva, hakuna kilichobadilika. Fundi akakwambia kadi imechoka, uiuze kwa bei ya vipuri.

Usiiuze. Chipu haipungui kasi kwa uzee. Ikizeeka sana itazima, itaganda, au italeta madoadoa kwenye skrini. Ikishuka kasi halafu ikatulia hapo chini kwa saa nzima bila kuganda, maana yake kuna kitu kimeiamuru ishuke. Na mara nyingi kadi yenyewe inakijua na inakiandika.

Anza na namba mbili ulizozitaja mwenyewe, kasi na matumizi, kwa sababu watu wengi huangalia kasi peke yake wakapotea. Kasi ikiwa chini na matumizi nayo yakiwa chini, tuseme 40%, kadi ni nzima, inasubiri kazi. Hapo mwenye tatizo ni prosesa, au umebana fremu (picha zinazochorwa kwenye skrini) zisizidi 60 kwa sekunde, au RAM, kumbukumbu ya kompyuta, ni kijiti kimoja. Kipimo chake ni rahisi: pandisha ubora wa picha hadi mwisho. Fremu zisiposhuka, kadi ilikuwa imekaa bure. Lakini kwako matumizi ni 98%. Kadi inafanya kazi kwa nguvu zake zote huku imefungwa breki. 1660 Super kwa vipimo rasmi inaanzia 1530 MHz na kupanda hadi 1785, na nyingi huvuka hapo zikipata ubaridi. Kukaa 1050 ukiwa na mzigo kamili si kawaida hata kidogo.

Joto nalo tuliondoe. Kadi za NVIDIA za kizazi hicho huanza kupunguza kasi mapema, hatua ndogondogo za kama MHz 15, kadiri joto linavyopanda, na kubana kwenyewe huja karibu na nyuzi 83. Kwenye nyuzi 62 joto la chipu haliwezi kukupotezea MHz 700 na zaidi kama ulivyopoteza wewe. Kwa hiyo kusafisha vumbi na kupaka pesti mpya ya kupitisha joto ni jambo jema, hasa kwetu Dar mwezi wa pili chumba kikiwa hakina AC, ila hakutakuondolea tatizo hili.

Sasa isome. Fungua GPU-Z, programu inayosoma vipimo vya kadi, nenda kwenye ukurasa wa Sensors, tafuta mstari ulioandikwa PerfCap Reason. Usiutazame ukiwa umeshatoka kwenye gemu, maana ukitoka tu kadi inapumzika na mstari unaandika Idle, nawe utadhani umepata jibu. Weka tiki ya kuhifadhi kwenye faili, cheza dakika kumi, kisha usome faili. Ukikuta VRel usihangaike, hiyo ni kadi nzima iliyofika kwenye volti ya juu kabisa inayoruhusiwa. Thrm ni joto. Pwr ni umeme. Baada ya hapo fungua dirisha la amri, gemu likiwa bado linaendelea, uandike nvidia-smi -q -d PERFORMANCE. Itakuorodheshea sababu zote, na kila moja imeandikwa Active au Not Active. Mstari wa HW Power Brake Slowdown ukiwa Active, breki imetoka nje ya chipu, kwenye njia ya umeme.

Mimi dau langu naliweka kwenye umeme, na sababu ni sentensi uliyoipitia haraka mwishoni: pawa saplai yako haina waya wa pini 8 wa kulisha kadi umeme, ukanunua adapta inayotoka kwenye waya wa SATA, ule wa kulisha diski.

Hapo naomba unisikilize vizuri, maana hili limevuka kasi ya gemu. Konekta ya SATA ina pini tatu za volti 12, kila pini imepangiwa ampea 1.5. Jumla ni ampea 4.5, yaani wati 54. Konekta ya pini 8 ya kadi imepangiwa wati 150. Kadi yako rasmi inakula wati 125; sloti ya mazabodi (ubao mkuu wa kompyuta) inaruhusiwa kutoa hadi 75, zinazobaki zinavutwa kwenye huo waya mwembamba, na kuna nyakati mzigo unaruka juu ghafla kupita hapo. Nimezishika adapta hizi zikiwa plastiki imeyeyukia ndani ya konekta na harufu imejaa kasha zima. Kabla hazijaungua, volti inashuka pale kwenye pini. Kiwango kinachokubalika kwa laini ya volti 12 ni kati ya 11.4 na 12.6. Chukua mita, gemu likiendelea, gusa kwa uangalifu nyuma ya konekta ya pini 8, waya wa njano na mweusi. Ukiona chini ya 11.4, umempata mwenye tatizo. Kama huna mkono mtulivu usipime, mwachie fundi, na zima mashine leo hadi upate pawa saplai yenye waya wake halisi. Ukiweza azima kwa rafiki kwa jioni moja tu, kasi ikirudi huna haja ya kipimo kingine.

Na kama kasi isiporudi? Hapa ndipo mafundi wengi hukata tamaa, na ndipo ninapoumia nikiona kadi nzuri zinauzwa kama chuma chakavu. Kadi haina mita ya ajabu ya kupimia umeme. Inapitisha umeme kwenye rezista ndogo bapa, nyingi zimeandikwa R005, yaani miliomu 5, kisha inapima tofauti ya volti kati ya ncha mbili na kupiga hesabu. Solda ya rezista ile ikipasuka au ikipata kutu, ukinzani unaongezeka. Kidogo tu kinatosha, kwa sababu miliomu 5 ni karibu na sifuri. Kadi inapiga hesabu ileile, inapata jibu kubwa kuliko ukweli, inaamini imefika wati 125 na kumbe imevuta 70. Inajibana kwa uaminifu kabisa.

Kadi moja ya namna hiyo ililetwa kwangu kutoka Tanga, ilikuwa imekaa kwenye nyumba iliyo karibu sana na bahari. GPU-Z ilionyesha Pwr muda wote na wati zimefika kikomo, lakini ukiigusa bamba la nyuma ni vuguvugu tu, na mita ya kwenye soketi ya ukutani ilionyesha kompyuta nzima inakula kidogo mno. Kadi inayokula wati 125 haiwezi kuwa baridi namna ile. Chini ya lenzi, rezista moja pembeni ya pini 8 ilikuwa na ukungu wa kijani kwenye solda. Ilisafishwa kwa spiriti safi, ikalehemiwa upya, kasi ikarudi siku hiyohiyo. Usijaribu kuipima rezista hiyo kwa mita ya kawaida. Waya za mita peke yake zina ukinzani mkubwa kuliko yenyewe. Mpe fundi anayelehemu mazabodi za simu, ana lenzi na ana mkono, ila mwambie jambo la kutafuta. Ukimpa bila maelezo ataanza kuichoma chipu kwa hewa ya moto, na hapo ndipo kadi hufa kweli.

Kwa wadau wengine mliouliza maswali yenu chini ya lile la mkuu: mwenye kadi ya AMD RX 580 inayogoma kwenye MHz 1100 na kitu, yako ni hadithi tofauti. Sarafu ya kidijitali ya Ethereum ilipoachana na uchimbaji wa kutumia kadi za grafiki, Septemba 15, 2022, kadi za wachimbaji zilimwagika sokoni, na RX 580 nyingi zina BIOS (programu ya ndani ya kadi) iliyochezewa: kasi ya chipu imeshushwa ili kubana umeme, kumbukumbu imepandishwa. Ya kiwandani hupanda hadi 1340. Angalia ubavuni kama kuna swichi ndogo, baadhi ya Sapphire Nitro+ wanaweka BIOS mbili. Ihamishe mashine ikiwa imezimwa. Kama haipo, hifadhi nakala ya BIOS uliyonayo, kisha tafuta ya asili ya modeli ileile, na kampuni ya kumbukumbu ifanane, Samsung kwa Samsung, Hynix kwa Hynix. Ukiweka isiyofanana skrini inaweza isiwake tena.

Mwenye RX 6500 XT kwenye mashine ya kizazi cha nne cha Intel, hakuna kilichoharibika. Kadi hiyo imezaliwa na njia nne tu za PCIe, yaani njia za data kati ya kadi na mazabodi, za toleo la 4.0, na mazabodi yako ni toleo la 3.0, kwa hiyo inapata nusu ya mwendo wa data iliyotarajiwa. Punguza ubora wa tekcha (picha zinazovishwa vitu ndani ya gemu) ili GB 4 za kumbukumbu yake zisijae.

Na mwenye laptopu inayopunguza kasi, chomeka chaja iliyokuja nayo. Chaja ya wati 65 haitaiendesha RTX 3060, hata kama alama ya kuchaji inawaka.

Mkuu, nitumie faili la GPU-Z na picha ya nvidia-smi, pamoja na jina na wati zilizoandikwa ubavuni mwa pawa saplai yako. Adapta ya SATA ichomoe kabla ya hayo yote, na usomaji huo ufanye ukiwa na pawa saplai yenye waya halisi.