Jibu: Kwa nini chanjo iongezwe chumvi ya alumini?

Habari za Newala, mwalimu. Umeuliza: kama seli T (chembe nyeupe za damu za kinga) hutambua kitu kigeni, mbona protini safi ya kijidudu haiamshi kinga vizuri mpaka itiwe chumvi ya alumini?

Nikifundisha mada hii hapa Masasi, kwanza naangalia kitabu kimeishia wapi. Kikiishia kwa nadharia ya mtafiti wa kinga Burnet, 1957, utakwama tu: kwake seli ya kinga ikikutana na kitu kigeni inachokitambua huzaliana, basi. Watafiti Bretscher na Cohn walisema 1970 kwamba ishara moja, yaani kukutana na kitu kigeni tu, haitoshi. Jibu lako linaanzia kwa mtafiti mwenzao Janeway, 1989: seli za kinga ya asili (ile tunayozaliwa nayo) zihisi kwanza alama za vijidudu, ndipo ziipe seli T ishara ya pili. Mtafiti Matzinger, 1994, akasema kiamshacho kinga ni tishu kuumia. Kwa alumini namuunga mkono huyu, maana chumvi si kijidudu, ila huumiza tishu pale inapodungwa.