Kazi Iko Kwenye Kushuka

Mmeuliza wiki hii: "Katika safari ya kupanda mlima, ni sehemu gani watu huichukulia poa?" Kwangu ni ile barabara ya vumbi inayotufikisha pale njia ya miguu inapoanzia, hasa wakati wa kurudi.

Asubuhi kila mtu yuko macho. Mmetoka gizani ili mpate pa kuegesha, dereva ana nguvu, na mlima wenyewe unalizuia gari. Injini isiyo na turbo, yaani kifaa cha kuisukumia hewa zaidi, hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 mnazopanda, kwa hiyo hata ukitaka mbio huzipati. Jioni ndipo magoti yanatetemeka, abiria wote wamelala, na gari lile lile sasa linataka kukimbia lenyewe.

Niliwahi kushuka hivyo, mguu juu ya breki kona baada ya kona. Ikaja harufu kali ya kitu kinachoungua, sikuijali. Kona mbili mbele, pedali ikazama mpaka chini, laini, haishiki. Mafuta ya breki yalikuwa yamechemka, na mapovu hayasukumi kitu. Nikarudisha gia ya pili, kisha ya kwanza, injini ikanguruma, nikaliegemeza gari upande wa mlima, mbali na korongo. Mikono ilikuwa imeloa jasho. Mwenzetu mmoja akachukua chupa ayamwagie magurudumu maji, nikamzuia: diski ya breki yenye moto namna ile inaweza kupasuka. Tukasubiri zipoe zenyewe.

Tangu siku hiyo naingiza gia ndogo kabla mteremko haujaanza, si katikati yake. Breki naikanyaga kwa nguvu, mwendo ukipungua naiachia. Mafuta yake nabadilisha kila miaka miwili, maana hunyonya unyevu wa hewani: mafuta ya breki ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini yakishanyonya maji yanaweza kuchemka kwenye 155 tu.

Barabara ikiwa nyembamba nampisha dereva anayepanda, kwa sababu akisimama juu ya changarawe huenda asiondoke tena.

Na jioni siwashi gari kabla sijavua viatu na kulala dakika 20 kwenye kiti, hata wenzangu wakisema tunachelewa.