Waandishi wa hadithi za kutisha, waacheni nyanya wa watu

Maswali mliyonitumia mwezi huu ni mengi, na nusu yake niliyajibu mwezi uliopita. Hayo nimeyaruka, isipokuwa moja ambalo limenichosha kiasi cha kulijibu tena.

Mimi ni mwalimu hapa Nakuru na wazazi wa wanafunzi hawajui kwamba naandika hadithi za kutisha. Nitumie jina la bandia?

Tumia. Lakini mteja akikutumia pesa kwa nambari yako ya simu, M-Pesa itamwonyesha jina lako la kitambulisho, na siri itakuwa imekwisha. Chukua till, yaani nambari ya kulipia ya Lipa na M-Pesa, kwa jina la biashara.

Hadithi yangu haina ISBN. Si itaibwa?

Ndilo hilo. ISBN ni nambari ya kumsaidia muuza vitabu na mkutubi kukitambua kitabu. Hailindi kitu. Kwetu Kenya hutolewa na Huduma ya Maktaba ya Taifa, na kila umbo la kitabu, la karatasi na la kidijitali, lina yake. Hakimiliki ni yako tangu ulipoiandika hadithi, nayo hudumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa kwako. Ukitaka cheti cha kumwonyesha mtu, sajili kazi yako kwa KECOBO, yaani Bodi ya Hakimiliki ya Kenya. Tafadhali mwezi ujao mtu asiniulize tena.

Nimeandika riwaya kuhusu ajuza wa kijiji chetu, huku Kisii, ambaye kila mtu anajua ni mchawi. Nimebadilisha herufi moja ya jina lake. Inatosha?

Haitoshi, na hata ukilibadilisha jina lote haitatosha. Kijiji ni kile kile, mwembe ni ule ule, na mtoto wa jicho uliyemweleza ukurasa mzima ni yule yule. Majirani watamjua kabla hawajafika sura ya pili.

Na huko kwenu si mahali pa kufanyia mzaha huo. Mwaka 2008 wazee 11 walichomwa moto wakidaiwa kuwa wachawi. Oktoba 2021, huko Marani, kina mama wanne wazee wakauawa kwa madai hayo hayo. Waliowaua hawakuhitaji riwaya, umbea uliwatosha. Wewe sasa unataka kuuchukua umbea huo, uuchapishe na kuuvika jalada. Sheria ya Uchawi, ya tangu 1925, humtia hatiani hata anayemtuhumu mwenzake uchawi ovyo, achilia mbali kesi ya kuharibiana jina. Lakini hata sheria isingekuwapo, ningekwambia hivi hivi.

Tena ni uvivu. Naletewa miswada mingi, na ajuza yumo karibu katika kila mmoja: macho mekundu, paka mweusi, kibanda pembeni mwa kijiji. Wazee wa Ziwa Victoria hawakusimulia hivyo. Nendeni Kendu Bay mkaulize habari za ziwa Simbi. Ajuza alifika usiku, amelowa, watu wakiwa kwenye pombe, wakamfukuza. Mama mmoja tu ndiye aliyempokea. Kijiji kikazama, akaokoka yule mama. Au Nyamgondho wa kule Gwassi, aliyenasa ajuza kwenye wavu wake, akamleta nyumbani na kutajirika kwa ng'ombe. Akarudi siku moja amelewa, akamtukana, naye ajuza akarudi ziwani na mifugo yote ikamfuata. Katika hadithi zote mbili ajuza ni mgeni, na wa kuogopwa ni wenyeji wake. Hapo ndipo penye utisho, nanyi mmeugeuza nyuma mbele.

Kama unataka kumtetemesha msomaji, mweke mahali anapopajua na uharibu kitu kidogo. Simama ufuo wa Dunga, Kisumu, usiku usio na mwezi, utaona taa za wavuvi wa omena zimejipanga majini. Mhusika wako ni mke wa mvuvi. Anajua mitumbwi tisa imetoka, maana taa zote alizichaji yeye. Anahesabu taa: kumi. Anahesabu tena. Ile ya kumi haichezi na mawimbi.

Ajuza yuko wapi hapo? Damu iko wapi? Na msomaji wako wa Dunga kesho usiku atahesabu taa.

Mama anasema hadithi hizi zitaniletea mapepo.

Msalimie mama, kisha umuulize alikuwa akikusimulia nini ulipokataa kulala.

Nataka kuandika hadithi ya kutisha kuhusu bwawa lililopasuka Solai. Watu wataudhika?

Wataudhika, na wana haki. Usiku ule wa Mei 2018 walikufa watu zaidi ya 40, wakiwemo watoto wengi, na jamaa zao ndio hao mnaobanana kwenye matatu. Ila kinachonikera zaidi ni yule jini uliyemtaja kwenye barua yako. Bwawa lilijengwa na watu. Ukimleta jini akalipasue, umemwondolea binadamu lawama, na hilo wapo watakaolifurahia sana. Muache jini. Kama huwezi kuandika bila yeye, mpeleke Menengai: kreta ya kama kilomita 12 kwa 8, na masimulizi tele ya watu waliopotea humo wakizunguka pale pale mpaka kukakucha. Huko hana msiba wa mtu wa kuukalia.

Kuna chaneli ya YouTube inasoma hadithi zangu kwa sauti bila idhini. Nimewatukana kwenye maoni lakini wapi.

Matusi yako yanawaongezea watazamaji. Piga picha ya skrini, nakili kiungo, kisha jaza fomu ya YouTube ya malalamiko ya hakimiliki ukionyesha ulipoitoa hadithi na lini. Chaneli ikipata maonyo matatu ndani ya siku 90 hufungwa. Jihadhari tu: unayemlalamikia anaweza kuonyeshwa jina lako halisi. Mwalimu wa Nakuru, umesikia?

Na nyinyi mnaosambaza PDF kwenye makundi ya WhatsApp "kumsaidia mwandishi ajulikane", hamna tofauti na chaneli hiyo.

Programu ya akili bandia inaweza kuniandikia?

Inaweza. Amazon, wanaouza vitabu mtandaoni, tangu Septemba 2023 wanataka uwaambie kwamba umeitumia. Msomaji wa Kondele huna haja ya kumwambia, atagundua mwenyewe mvuvi wako atakapoketi kula samoni, samaki asiye wa ziwa letu.

Kitabu changu kiko Amazon kwa dola 2.99 na nilisoma kwamba mwandishi hupata asilimia 70. Mbona naona visenti? Na je, niache kazi?

Asilimia 70 ni kwa wanunuzi wa nchi zilizoorodheshwa tu, na Kenya haimo. Akinunua binamu yako aliye Kisumu, unapata asilimia 35, kama dola moja na senti tano. Akinunua Mmarekani unapata 70, lakini serikali yao inakata asilimia 30 ya hicho chako, kwa kuwa sisi hatuna mkataba wa kodi nao. Halafu pesa huja kama siku 60 baada ya mwezi kwisha. Na kama ulibonyeza KDP Select, mpango wa Amazon wa kuuza kwao pekee, bila kusoma, kama wengi wenu, kwa siku 90 huruhusiwi kuiuza nakala ya kidijitali kwingine kokote, hata kwa shangazi yako.

Ndiyo maana nawasukuma kwenye karatasi. Chapisha nakala chache, uza mwenyewe, pesa kwanza, kisha kifurushi kiende na matatu mpaka Kakamega au Kericho na mnunuzi alipie usafiri. Duka likikwambia uache vitabu ulipwe vikiuzwa, andikianeni: nakala ngapi, bei gani, utarudi lini kuhesabu. Na siku ile rudi kweli, maana mwenye duka hatakupigia simu.

Kazi usiache.