Betri ya Boti Inayoisha Chaji Upesi: Pima Kwanza, Nunua Baadaye

Betri ya boti inapoishiwa chaji mapema, jambo la kwanza utakaloambiwa na karibu kila muuzaji wa vipuri ni kwamba imekufa na ununue nyingine. Huenda ni kweli. Hata hivyo, kwa muda ambao nimeishi Nairobi huku boti yangu ikikaa Ziwa Naivasha, umbali wa kilomita 90 hivi, nimeona betri nyingi zikihukumiwa bure, na mtu anayefunga mpya bila kujua ile ya zamani ilimalizwa na nini hurudi dukani baada ya miezi michache kutafuta ya tatu.

Washukiwa ni watatu tu: betri yenyewe haishiki chaji, kuna kitu kinachokula umeme boti ikiwa imefungwa, au betri haijawahi kujaa tangu ilipofungwa. Mimi huanza na huyu wa mwisho, kwa sababu vipimo vingine vyote havina maana kama betri haijajaa. Ibebe hadi nyumbani uichaji mahali penye hewa, mbali na moto na sigara, kwa kuwa inapochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni. Ikiwa ni betri ya ampea-saa 100 (kipimo cha umeme inaoweza kuhifadhi) iliyobaki nusu na chaja yako ni ya ampea 10, hesabu ya haraka itakuambia saa tano, lakini sehemu ya mwisho huingia polepole sana, kwa hiyo iachie usiku kucha. Asubuhi hakikisha kwamba stima haikupotea usiku. Kwa mitaa yetu hilo si jambo la kudhania.

Ikishajaa, itoe kwenye chaja na uiache ipumzike hadi kesho yake, kisha uipime kwa mita ya kupimia volti na ampea. Volti 12.6 au 12.7 ni betri iliyojaa, 12.2 ni nusu, na chini ya 12 imeisha. Ukikuta 10.5 baada ya kuchaji usiku kucha, seli moja imekufa na hapo muuzaji alisema kweli. Ikisoma vizuri, bado usiiamini, kwa sababu betri iliyochoka huweza kuonyesha volti nzuri ikiwa haifanyi kazi yoyote. Ipeleke kwa fundi wa betri mwenye kifaa cha kuipima ikiwa na mzigo. Ikivutwa kwa nusu ya ampea zake za kuwashia injini kwa sekunde 15, haifai kushuka chini ya volti 9.6. Betri zinazofeli hapa mara nyingi ni zile zilizokaa nusu chaji kwa muda mrefu, salfeti, yaani chumvi ya risasi, ikaganda kwenye mabamba yake.

Betri ikifaulu, mwizi yuko botini. Zima kila kitu, chomoa waya wa hasi, kisha unganisha mita iliyowekwa upande wa ampea kati ya waya huo na teminali ya hasi, na usijaribu kuwasha injini mita ikiwa hapo, maana fyuzi yake itaungua papo hapo. Ampea 0.02 hadi 0.05 si neno, kwani redio huhitaji kiasi hicho kuhifadhi stesheni zake. Ukiona 0.5, hiyo ni ampea-saa 12 kwa siku, na kutoka Jumapili jioni hadi Jumamosi asubuhi betri ya 100 itakuwa imepoteza zaidi ya nusu ya chaji yake. Chomoa fyuzi moja baada ya nyingine huku ukiitazama mita. Itakaposhuka, umeupata mstari wenye kasoro.

Pampu ya kutoa maji chini ya boti ndiyo ninayoishuku kuliko vyote, kwa kuwa kwa kawaida huunganishwa moja kwa moja na betri, bila kupitia swichi kuu, ili boti isizame mvua ikinyesha wakati hakuna mtu. Mchana mmoja mita yangu ilisoma 0.02 na kila kitu kikaonekana sawa, hadi mlinzi wa gati aliponiambia, "Mkubwa, hiyo pampu huwa inanguruma usiku hata kama hakuna mvua." Mlinzi huyo hasogei karibu na maji giza likiingia, kwa sababu ya viboko, lakini masikio yake yalinifaa kuliko mita. Nilipoliinua kwa kidole boya la swichi ya pampu, lile ambalo maji yakilipandisha pampu huwaka, lilipanda vizuri ila halikushuka: mzizi wa gugu maji ulikuwa umenasa kwenye bawaba yake. Mawimbi yakilinyanyua, pampu ya ampea 3 hivi ilizunguka bure hadi boti itikiswe tena. Kwa hiyo liinue boya kwa mkono kila unapopima, na uzungumze na watu wanaolala karibu na boti yako.

Usisahau pia uso wa betri yenyewe. Gusisha waya mmoja wa mita kwenye teminali ya hasi na mwingine kwenye plastiki ya juu. Mita ikionyesha volti, uchafu wenye asidi unapitisha umeme kutoka teminali hadi teminali. Usugue kwa maji yaliyochanganywa na magadi, vifuniko vya seli vikiwa vimekazwa, kisha usuuze na kukausha.

Kuhusu injini, iwashe na upime betri: kati ya volti 13.5 na 14.5 inachaji, ikibaki 12.4, kagua fyuzi na rektifaya, kifaa kinachogeuza umeme wa injini uweze kuchaji betri. Fahamu kwamba injini nyingi ndogo huchaji kidogo sana zinapokwenda polepole, na baadhi ya zile za kuvuta kamba hazichaji kabisa, hivyo anayevua samaki kutwa nzima kwa mwendo wa taratibu, taa na kitafuta samaki vikiwaka, anatumia zaidi ya anachorudisha. Mtu wa namna hiyo namshauri atenganishe kazi: betri ya kawaida iwashe injini peke yake, na betri ya sola ibebe vifaa vingine, ikiwa na paneli ndogo na kidhibiti chaji juu ya paa la boti ili ijazwe siku zote za juma ambazo mwenyewe yuko kazini Nairobi.