Jibu: Timo Bernhard alishinda Le Mans mara ngapi?

Ndugu, umeuliza kama dereva Mjerumani Timo Bernhard alishinda Le Mans, mbio za magari za saa 24 za Ufaransa, mara moja tu. Hapana, ni mara mbili: 2010 akiwa na Audi, na 2017 akiwa na Porsche.

Ushindi huo wa 2017 ndio nisioweza kuusahau. Saa chache tu baada ya mbio kuanza, gari lao namba 2 liliharibika mfumo wa umeme wa magurudumu ya mbele. Mafundi walihangaika nalo zaidi ya saa nzima, likaporomoka hadi nafasi ya 56. Wengi wetu tulishakata tamaa. Yeye, Brendon Hartley na Earl Bamber wakakaza usiku kucha, magari ya mbele yakakwama moja baada ya jingine, na zikiwa zimebaki kama saa moja hivi wakashika uongozi. Kwangu, hakuna ushindi wake mkubwa kuliko huo.

Ongeza ubingwa wa dunia wa mbio ndefu za magari wa 2015 na 2017, na ushindi wa mbio za saa 24 za Nürburgring, Ujerumani, mara tano. Halafu 2018 akaizunguka Nordschleife, ile njia ndefu ya zamani ya Nürburgring, kwa dakika 5 na sekunde 19, akivunja rekodi ya Mjerumani mwenzake, marehemu Stefan Bellof, iliyodumu tangu 1983.